Mchanga Kwenye Mlenda

Seche,

Salamu naziruka. Tumeshasalimiana asubuhi, na kwa muda niliotumia kukuzoesha salamu ningeweza kukufundisha jambo la maana zaidi. Umekwenda Ihumwa kusukwa nywele, na ninavyomjua msusi wako kwa umbea hutarudi kabla jua halijazama. Kwa hiyo naandikia hapa hapa mezani, vyombo vya mchana bado vimenizunguka. Sitakuandikia habari za kufunga mlango kwa komeo, za wanaume wa mjini, wala za kuchemsha maji. Una digrii ya sayansi ya chakula. Kama kuchemsha maji hujui, basi chuo kilitudanganya sote wawili.

Naandika kwa sababu ya chakula cha mchana. Mlenda wa leo ulikuwa na mchanga.

Najua ulikuwa na mchanga kwa sababu niliutia mimi. Niliuchota pale nje karibu na karo, nikauosha vizuri usije ukaumwa tumbo safarini, kisha nikautia kwenye sufuria na kukoroga. Halafu nikaketi na kuwatazama. Mjomba wako Yona alitafuna, akasimama kutafuna, akanywa maji, akasema, "Dada, leo umepika." Mchungaji, aliyekuja kukuombea safari, aliongeza mara ya pili, maskini, na macho yalikuwa yamemtoka. Baba yako alimeza tonge zima bila kulitafuna, maana yeye ameishi na mimi miaka mingi na ana mbinu zake. Kisha nikakutazama wewe. Nilisikia meno yako yakisaga kutoka upande wa pili wa meza. Ukainamisha uso, ukameza, ukanitazama kwa yale macho yako ya upole na kusema, "Mtamu, mama."

Nikanyanyuka nikajifanya nafuata maji. Nilikwenda kusimama nyuma ya nyumba kwa sababu nilitaka kulia, na silii mbele ya Yona, atanisimulia hadi nife.

Jumatatu unaanza kazi Dar es Salaam. Kwenye barua ya ajira wamekuita Afisa Ubunifu wa Bidhaa. Kazi yako, nikiondoa maneno ya mapambo, ni kuonja chakula na kusema kina kasoro gani, kisha kufikiria namna ya kuiondoa. Na leo umekula mchanga kwenye nyumba ya mama yako mzazi na kusema mtamu. Nikuambie ukweli, nilikudharau kidogo. Kisha nikakumbuka nani kakufundisha, na dharau yote ikarudi kwangu.

Unakumbuka ile siku ya Hombolo, kwa shangazi ya baba yako? Ulikuwa hata shule hujaanza. Tuliandaliwa ugali wa uwele na mlenda mkavu, ule wa majani yaliyoanikwa juu ya mwamba, na upepo wa kule unajua unavyobeba vumbi. Ukatema. Ukasema kwa sauti, "Mama, kuna mchanga." Nikakufinya paja chini ya mkeka hadi ukatoa machozi, nikawaambia wenyeji jino linakusumbua. Kwetu mtu akisema mlenda una mchanga amesema mama wa nyumba ni mchafu, na mgeni hasemi hivyo, na mtoto ndiyo kabisa. Tangu siku ile hujawahi kusema neno baya juu ya chakula chochote. Watu wakawa wananisifu, binti wa mama Seche ana adabu. Nami nikatembea kifua mbele kwa sifa ile kama mtu mwenye akili.

Sasa ngoja nikusimulie jinsi adabu hiyo hiyo ilivyonifanya mimi kichekesho, maana nyumbani tumezoea kuicheka hadithi hii bila kuisema yote.

Unakijua kile kiwanda kidogo cha kusindika vyakula vya asili nilikofanya kazi. Tulikuwa tunanunua mlenda mkavu kwa akina mama wa vijijini, tunautwanga, tunaupaki. Wengi waliununua mara moja tu. Mkurugenzi wetu, mtu wa suti aliyekuwa anaogopa jua la Dodoma kama vile limetumwa kumfuata yeye, akaamua tatizo ni kwamba hatuna ubunifu. Akaleta mwezeshaji kutoka Dar. Kijana msafi, kiatu kimechongoka, anazungumza huku amekunja mikono ya shati kana kwamba anakwenda kupalilia. Akatugawia vikaratasi vya rangi vya kunata na maputo. Ndiyo, maputo, watu wazima, wengine wana wajukuu. Akasema tupulize humo hofu zetu kisha tuyapasue. Mhasibu wetu alipasua lake akashtuka presha ikapanda, akapelekwa nyumbani.

Baada ya hapo ndiyo tukawa wabunifu. Tukaandika mawazo kwenye vikaratasi na kuvibandika ukutani, na mwezeshaji akasema hakuna wazo baya. Seche, mtu akikuambia hakuna wazo baya, jua huyo hana nia ya kufanyia kazi lolote. Mawazo mabaya yapo. Mimi nilikuwa nalo moja pale pale mkononi, na kwa bahati mbaya ndilo lililoshinda.

Nilisema tuuondoe utelezi.

Usicheke. Nilikuwa nimekaa kwenye chumba chenye watu wa kutoka kila mkoa, na kila mara mlenda ukitajwa kuna mtu anakunja pua na kuvuta vidole hewani kuonyesha unavyovutika. Nikaona aibu. Nikajisemea hawa ndio wateja, hawa ndio dunia, na sisi Wagogo ndio tumechelewa. Mtu aliyenyonya maziwa ya mama huku mama analamba mlenda vidoleni, huyo huyo ndiye akasimama na kusema tatizo la mlenda ni kuteleza. Wakapiga makofi. Mwezeshaji akanipa puto langu la dhahabu.

Ikaundwa Kamati ya Ubunifu, mimi mwenyekiti. Tukashonewa tisheti. Tulifanya vikao mpaka viti vikatuchoka. Tukachemsha mlenda na ndimu, tukauchuja, tukaukausha upya, na mwisho tukapata unga wa kijani usiovutika hata kidogo. Ukiupika unakaa kwenye sahani umetulia kama udongo wa kujengea. Tukauita Mlenda wa Kisasa.

Sasa sikiliza kosa lenyewe, maana hilo la utelezi lilikuwa ujinga tu, na ujinga unasameheka. Nilitakiwa kwenda kuonjesha watu. Nikaenda vijijini, nyumba kwa nyumba, nimevaa tisheti yangu, nimebeba sufuria. Kila nyumba wakanipa kigoda, wakaninawisha mikono, wakaonja, wakasema, "Mzuri, mama. Mzuri sana." Nami naandika mzuri. Mimi, niliyekufinya wewe paja kwa kusema ukweli mbele ya mwenyeji, nilikwenda kukaa kwenye nyumba za watu nikategemea wao waniambie ukweli mimi mgeni. Watu wa kwingine wangeweza kukosea mambo mengine. Hilo lilihitaji Mgogo mwenye cheo.

Nikarudi na taarifa inayong'aa. Mkurugenzi akanipa cheti cha Mbunifu Bora. Ndicho kile kilichoning'inia sebuleni juu ya kabati, unachokipangusa vumbi kila Jumamosi bila kuniuliza nilikipata kwa kubuni nini. Mlenda wa Kisasa ukaenda madukani na madukani ukakaa. Bibi yako alionja kijiko kimoja akaniuliza ni dawa ya ugonjwa gani. Pakiti zilizorudi walipewa mbuzi wa mlinzi, na mbuzi walikula kwa sababu mbuzi hawana kamati.

Mtu aliyenifumbua macho alikuwa Hamisi, dereva na muuzaji wetu, Mrangi wa Kondoa, mdomo haujafungwa tangu azaliwe. Usidhani alikuwa mtu wa hekima. Alikuwa mvivu, anachelewa, na alipenda kutania watu tu. Kila siku saa ya chai alikuwa anatutania sisi Wagogo. "Mlenda wenu nyie hauhitaji mswaki. Unakusugua meno wenyewe." Au anajifanya kutema jiwe, anaokota, anasema hili litafaa kujengea choo. Tunacheka, nami nacheka kuliko wote. Kisha chai inaisha, narudi kwenye kikao kuendelea kuondoa utelezi.

Siku zile pakiti zinarudi nikamwambia kwa uchungu, "Lakini kila mtu alisema mzuri."

Akanitazama kama ananionea huruma. "Mama Seche, wale walikuwa wanakukaribisha."

"Sasa wangesema nini?"

"Wangesema mimi ninayosema kila siku. Mlenda wenu una mchanga. Mtu wa Dar ananunua mara moja, anavunjika jino, harudi tena. Mnafikiri nawatania?"

Nilikuwa nafikiri ananitania. Ndicho ninachotaka ukibebe, mwanangu. Ukweli tulikuwa tunaletewa kila siku pamoja na chai, bila ada ya semina, na hakuna aliyeunyanyua kuuingiza kwenye chumba cha maputo kwa sababu ulikuja unachekesha. Na sisi wenye mlenda wetu hatukuuona mchanga kwa sababu tulikuwa tumezaliwa tukiumeza. Ulikuwa umeshakuwa sehemu ya adabu.

Nilikwenda Kibakwe, kwa mama mmoja aliyekuwa anatuuzia mlenda mwingi kuliko wote, mama Ndahani. Njia nzima nilijipanga namna ya kulisema neno lile, na kila namna niliona itakuwa tusi. Nilipofika akanikaribisha ndani, akapika. Nikatafuna, mchanga ukalia. Nikakaa nao mdomoni, Seche, nilikaa nao kama mtoto aliyeficha kitu. Kisha nikautema kwenye kiganja mbele yake.

Akaacha kula. "Unautema mlenda wangu?"

"Mlenda nimeumeza. Nimetema mchanga."

Nilifikiri atanifukuza. Akakitazama kiganja changu. Kisha akachovya kidole kwenye bakuli lake, akasaga kati ya meno, akasema, "Na mimi nauchukia. Tangu nimeolewa nauchukia. Mama mkwe alikuwa anapika hivi hivi, ningesema nini?"

Tukacheka mpaka majirani wakaja. Nao wakakiri mmoja mmoja, kila mmoja akiwa anadhani ni yeye peke yake anayeona taabu. Kijiji kizima kilikuwa kinameza na kunyamaza. Kuanzia hapo kazi ilikuwa ndogo. Tukapiga vichanja vya miti, juu tukaweka wavu, tukavipeleka upande usio na barabara ya mifugo, tukafunika majani kwa chandarua kuukuu. Ni hilo tu. Tukaacha kuanika chini.

Nikaenda kwa Mkurugenzi na mlenda usio na mchanga, unaovutika kama kawaida yake. Nikamweleza. Akakunja uso. Akasema, "Mama, huu si ubunifu. Huu ni usafi." Akaniuliza teknolojia iko wapi, nikamwambia ni wavu. Akaniuliza wavu una nini kipya. Hakutoa cheti, na nashukuru, maana sebuleni hakuna nafasi. Mlenda ule ndio uliokiweka hai kiwanda hadi leo, na ada yako ya shule ilitoka humo humo. Yeye alihamishwa, nasikia anatoa semina.

Sasa tuje kwenye hiyo ofisi yako. Jana ulinionyesha picha waliyokutumia, na ulifurahi sana hivyo nikanyamaza. Leo sinyamazi. Chumba kimepakwa rangi ya machungwa. Kuna mito mikubwa ya kukalia, mtu akishaketi hawezi kunyanyuka bila kuvutwa. Ukutani wameandika Fikra Bila Mipaka. Kuna ile meza ya mpira yenye wachezaji wa mbao. Nimeitazama picha ile kila kona, nimeikuza mpaka simu ikapata moto, na sikuona jiko. Chumba cha kubuni chakula hakina jiko, Seche. Wanabuni kwa kukaa. Watakupa tisheti, utaivaa, sina neno, tisheti nzuri za kulalia. Watakuambia hakuna wazo baya. Watakuita mkutanoni kila mtu alete wazo moja kabla ya saa sita, kana kwamba mawazo ni mayai. Na wewe kwa adabu yako utapeleka. Watakuonjesha makorokoro yao, watu wazima kama sisi tuliotoa utelezi kwenye mlenda, na watakutazama wanasubiri. Nawe utainamisha uso useme mtamu.

Si hao watu wanaoniuma. Watu wa aina hiyo nimewazoea na dharau yangu inawatosha wote, na itabaki ya kuwapa wajukuu wao. Kinachoniuma ni kwamba una ulimi mzuri kuliko wangu. Ulikuwa nao ukiwa mdogo hivyo, kule Hombolo, na ulikuwa hujafundishwa na mtu. Nami nikaufinya.

Sijui namna ya kumfundisha mtu mzima kutema. Ningeweza kukuambia ukae na wanaotaniana wakati wa chai kuliko kwenye mito ile. Ningeweza kukuambia kwamba mtu akikukaribisha kwake usimwulize chakula chake kina nini, angalia anachokiacha pembeni mwa sahani. Nimeshasema, na najua kusema hakutoshi, maana mimi nilikuwa nimeambiwa kila siku na Hamisi na bado nikavaa tisheti. Mimi nilijifunza siku ile niliyotema mbele ya mama Ndahani nikasubiri anifukuze. Hilo linafanyika kwa mdomo wa mtu mwenyewe.

Kwa hiyo nimekutengenezea kazi. Kwenye begi kubwa, chini ya viatu, kuna mfuko wa mlenda mkavu. Sikuambii nimeuanika wapi. Pengine kwenye kichanja, pengine pale nje ardhini ambapo kuku wa mjomba wako wanapita. Jumapili, kabla ya hiyo Jumatatu yao, pika ugali, pika mlenda huo, kula taratibu. Kisha nipigie simu.

Usinianzie na shikamoo. Shikamoo yako naijua, imenyooka, nimeinyoosha mwenyewe, na utaniamkia baadaye tukimaliza. Nikipokea, neno la kwanza nitakalolisikia liwe la mlenda. Kama ni mzuri sema mzuri, lakini ukisema mzuri ili kunifurahisha nitajua, maana mimi ndiye niliyeuanika. Kama una mchanga, sema una mchanga. Nitakasirika. Nakuonya mapema, maana sitaweza kujizuia, mimi ni mama wa nyumba kama wengine. Nitakuuliza nani kakulea wewe, nitakuuliza siku hizi ndiyo umekuwa hivyo.

Usiombe radhi, na usikate simu. Rudia.

Mama